Kusawazisha shabaha ya raifo ya .375 (upana wa risasi kwa inchi) kabla ya kwenda Liwale

Nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila atakayepita pori lile baada yenu, kwa hiyo shabaha isawazishwe mapema ili risasi ipige pale darubini inapoelekezwa, kwenye eneo lenye idhini, na nyuma ya ubao pawe na tuta nene la udongo. Vaeni vizuia kelele na miwani.

Skrubu za darubini ndizo za kwanza. Kazeni kwa kupokezana kona kwa kona, kama Nm 2 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye pete zinazoshika darubini. Zikikazwa kupita kiasi bomba la darubini hubonyea.

Hapa Mtwara upepo wa bahari una chumvi, hivyo bunduki hukaa na mafuta muda wote. Ni sawa, lakini kabla ya kupiga pitisheni vitambaa vikavu kwenye mtutu na chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa). Mafuta ya mtutu hupotosha risasi ya kwanza. Ya kwenye chemba ni mabaya zaidi: ganda halishiki kuta, na msukumo unaielemea bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma.

Tumieni risasi zilezile mtakazowindia. Kichwa (kipande kinachoruka) cha greni 270 na cha greni 300 (greni ni kipimo cha uzito) havipigi mahali pamoja, hata vikitoka kiwanda kimoja.

Anzeni mita 25. Mbao ya mbele ya bunduki, iliyo chini ya mtutu, ilale juu ya mfuko wa mchanga; mtutu wenyewe usiguse kitu, na mfuko usiwe juu ya jiwe tupu. Jicho likae mbali na darubini, kwa kuwa .375 ina teke la kupasua nyusi. Pigeni tatu, pimeni kutoka katikati ya kundi la matundu, si kutoka tundu moja. Darubini nyingi husogeza milimita 7 kwa kliki moja (hatua moja ya kitufe cha kurekebishia) katika mita 100, lakini katika mita 25 ni chini kidogo ya milimita 2. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Mkikosa kwa sentimita 3, zungusheni kliki 16. Kundi libaki sentimita moja hivi chini ya nukta mnayolenga, kisha nendeni mita 100. Likiwa chini sentimita 6, pandisheni kliki 8.

Jua la huku si la kuchezea. Mtutu ukiwa wa moto kundi hutawanyika. Subirini mpaka mkono uushike bila shida. Risasi zikae kivulini, si kwenye dashibodi, maana baruti iliyopata joto huongeza shinikizo. Bolti ikigoma kufunguka, au fataki (kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda) ikibanwa bapa, acheni kupiga risasi hizo.

Risasi isipolipuka, shikilieni bunduki ikielekea tutani sekunde 60 kabla ya kufungua. Ikilia kwa sauti hafifu, msipige nyingine: ondoeni bolti na muutazame mtutu kama kichwa kimekwama ndani.

Barabara ya Nachingwea hadi Liwale hutikisa kila kitu. Mkifika kambini kagueni skrubu tena, na pale mnaporuhusiwa pigeni risasi moja ya mita 100 mtutu ukiwa baridi. Ikienda nje ya kundi la Mtwara, hakuna kuwinda kabla ya kurudia kazi.