Kiliingia Lakini Hakikusoma

Jumapili usiku. Nimemaliza kukaza skrubu ya mwisho chini ya kipakatalishi changu, na maneno haya ninayaandika kwa mashine hiyo hiyo, dirisha likiwa wazi ili upepo wa Tudor, hapa Mombasa, uingie. Sasa inasoma gigabaiti 12 za ramu, kumbukumbu ya muda ambayo mashine huitumia inapofanya kazi. Imenichukua siku tisa na safari tatu za Digo Road kufika hapa, na kwa kuwa karibu taabu yote ilitokana na herufi moja na tarakimu moja kwenye lebo, nimeona niyaandike mambo yalivyokwenda kabla hayajanitoka.

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, nyingi zikiwa mikataba na hati za mizigo inayopita bandarini. Nikifungua hati iliyopigwa picha, kamusi mbili mtandaoni na faili ninaloliandika, gigabaiti 4 nilizokuwa nazo zilikuwa zikijaa, na mashine ikaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na ramu. Ningeweza kunywa kikombe kizima cha chai nikingojea ukurasa mmoja ufunguke. Kununua mashine mpya kusingewezekana mwaka huu, na hii bado ni nzima: ni ya mwaka 2014, ina prosesa ya Intel Core ya kizazi cha nne, na ilikuwa na sloti moja tupu, yaani nafasi ya kutia kipande kingine cha ramu. Niliona ni dhambi kuiacha.

Dukani niliomba DDR3, aina ya ramu ya mashine yangu, ya gigabaiti 8, nikapewa DDR3 ya gigabaiti 8. Muuzaji hakuniuliza mashine ni ya aina gani, nami sikujua kama kuna la kuuliza. Nyumbani nilitoa betri, nikafungua kifuniko, nikakisukuma kipande kwa pembe mpaka vibanio viwili vya pembeni vikakishika. Kiliingia kana kwamba kilitengenezwa kwa sloti ile. Nilipowasha, taa iliwaka, feni ikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi. Nilikisugua kwa kifutio cha penseli kwenye meno yake ya dhahabu, maana chumvi ya hewa yetu hula kila chuma, nikarudia mara nne. Nilipokitoa, mashine iliwaka kama kawaida na gigabaiti zake 4.

Fundi niliyemwendea kesho yake, kijana mpole anayekaa kwenye kibanda chembamba karibu na Mwembe Tayari, hakuhitaji hata kuwasha. Alikigeuza kipande, akasoma lebo, akanirudishia.

"Hii ni ya volti moja nukta tano, dada. Bodi yako yatoa moja nukta tatu tano. Haitosoma."

"Lakini imeingia, kaka."

"Itaingia tu. Pini ni 204 zote mbili, na mkato uko pale pale. Wewe wataka ile yenye L."

Herufi L ndiyo inayotofautisha DDR3 na DDR3L, na kwenye lebo huonekana kama PC3 na PC3L. Kipande cha DDR3L kimetengenezwa kwa volti 1.35 lakini hukubali pia 1.5, kwa hiyo kinaweza kukaa katika mashine za kabla yake. Cha DDR3 ya kawaida hakina uvumilivu huo, na vipakatalishi vya kizazi changu vilijengwa kwa volti ile ndogo ili betri idumu zaidi. Laiti tofauti ingekuwa kama ile ya DDR4, yenye pini 260 na mkato mahali pengine, mkono wangu ungeijua kabla ya fedha kutoka. Hili linaniudhi mpaka sasa: kitu kisichopatana kimepewa umbo la kitu kinachopatana.

Basi nikarudi mjini na karatasi iliyoandikwa PC3L-12800S, nikanunua kwingine, nikaisoma lebo mara mbili kabla ya kulipa. Kila herufi ilikuwa sawa. Nyumbani, skrini nyeusi vilevile. Usiku ule nilikata tamaa kwelikweli, kwa sababu safari hii sikuwa nimefanya uzembe wowote.

Jibu lilikuwa katika maandishi madogo ambayo nilikuwa nimeyapuuza: 1Rx8. Fundi alinieleza kwa subira, akihesabu chipu kwa ncha ya bisibisi. Ile x8 maana yake ni kwamba kila chipu hutoa biti 8 kwa mpigo, na njia ya ramu ina upana wa biti 64, kwa hiyo chipu nane hukamilisha safu moja. Kipande changu kilikuwa na safu moja tu, chipu nane, na ili kufikia gigabaiti 8 kila chipu ililazimika kubeba gigabiti 8. Kidhibiti cha ramu kilichomo ndani ya prosesa ya kizazi cha nne huishia kwenye chipu za gigabiti 4. Kubwa kuliko hiyo haijui kuiita. Nilichohitaji ni 2Rx8, safu mbili, chipu kumi na sita za gigabiti 4 kila moja. Jumla ni ile ile, gigabiti 64, ambazo ni gigabaiti 8 kwa kuwa baiti moja ni biti 8, na bei dukani ni ile ile pia, lakini mashine inakielewa kimoja na kingine haikielewi.

Muuzaji wa pili, na ninamshukuru, alikubali kubadilisha bila maneno. Jana nilikitia kipande cha tatu. Kuwaka kwa mara ya kwanza kulichelewa kidogo, moyo ukanidunda, kisha skrini ikaja. Nikaiacha Memtest86+, programu ya kupima ramu, ikifanya kazi usiku kucha, kwa kuwa ramu mbovu huweza kuharibu faili kimyakimya na mimi siwezi kumrudishia mteja mkataba wenye tarakimu zilizogeuka. Nilipoamka kwa adhana ya Alfajiri ilikuwa imezunguka mara kadhaa bila kosa hata moja.

Vipande viwili havilingani, cha 4 na cha 8, kwa hiyo gigabaiti 8 za kwanza hufanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, na 4 zilizobaki kwa njia moja. Kwa kazi ya maandishi silioni pengo lolote.

Kabla ya kufunga kifuniko nimekata kipande cha karatasi, nikakibandika ndani yake na kuandika kwa wino: PC3L-12800S, volti 1.35, 2Rx8, gigabaiti 8 kwa kila sloti. Mdogo wangu ndiye atakayeirithi mashine hii.