Nilivyosoma visima vya Jambiani kwa tarehe za mwezi mwandamo

Kwa miezi mitano nilikuwa na daftari lililojaa namba ambazo sikuweza kuzieleza. Kila Jumamosi, baina ya saa 3 na saa 5 asubuhi, nilipita katika visima 9 vya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nikateka maji, nikapima joto lake, nikapima uwezo wake wa kupitisha umeme, kisha nikaandika yote mahali pake. Maji yakiwa na chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi, na kwa hiyo kifaa kidogo kinachoingia mfukoni kinatosha kumwambia mtu kama kisima kinakaribia bahari au kinajitenga nayo. Nilikuwa nikiandaa utafiti wangu wa shahada ya pili kuhusu maji yaliyomo ndani ya mawe ya matumbawe, na nilidhani kwamba sehemu ngumu ingekuwa kupata ruhusa na nauli. Ruhusa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, alinipa siku ya kwanza, baada ya kuisoma barua yangu na kuniuliza maswali ya maana kuliko niliyoulizwa chuoni.

Ugumu ulikuwa katika namba zenyewe. Kisima nilichokiita cha nne kilikuwa na chumvi nyingi Jumamosi moja, kidogo Jumamosi ya pili, nyingi ya tatu, kidogo ya nne, kama mtu anayetembea kwa kuchechemea. Kufikia wiki ya tisa na ya kumi tofauti hizo zikafifia hata nikadhani kisima kimetulia, kisha zikarudi, lakini safari hii wiki zilizokuwa za chumvi zikawa za maji matamu, na zile za maji matamu zikawa za chumvi. Nilikishuku kifaa. Nilikipima upya kwa maji maalumu ya kusawazishia, ambayo kwa nyuzi 25 za Selsiasi husoma mikrosimensi 1,413 kwa sentimita, nacho kilisoma sawasawa. Nilishuku joto, kwa sababu usomaji huongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, lakini hata baada ya kurekebisha hesabu zote ziwe za nyuzi 25, mchechemeo ulibaki. Nilishuku pia kwamba kuna watu wanaoteka maji kwa pampu kwa wiki za kupokezana, nikaenda kuuliza nyumba kwa nyumba, na hapakuwa na jambo kama hilo.

Aliyenifungua macho ni mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kwa biashara katika pwani hii mwaka 1989, na yeye ni miongoni mwa wanawake walioingia tangu wakiwa wasichana. Jioni moja nilikuwa nimetandaza karatasi zangu ukumbini, akaniuliza ninahangaika na nini. Nilimweleza. Aliangalia ukutani, ilipotundikwa kalenda yenye tarehe za kizungu na za Kiislamu pamoja, akaniambia, "Bahari haina Jumamosi, mwanangu. Hesabu mwezi." Nikamwambia, "Lakini bi mkubwa, kisima kiko mbali na pwani." Akajibu kwamba kile kisima cha nne tangu zamani kinakwenda na bahari, na kwamba marehemu mama yake hakuwa akiteka humo maji ya kupikia wakati wa kujaa.

Usiku ule niliichukua kila Jumamosi katika daftari na kuiandikia pembeni tarehe yake ya mwezi mwandamo. Kisha nikazipanga upya kurasa zote, si kwa kufuatana kwa wiki, bali kwa tarehe hizo, kuanzia mwezi 1 hadi 29 au 30, nikichanganya Rajabu na Shaabani na Mfungo Sita bila kujali. Mchechemeo uliondoka. Mahali pake palitokea mstari unaopanda na kushuka mara mbili kwa mwezi: chumvi kidogo karibu na tarehe 1 na 2, nyingi tarehe 8 na 9, kidogo tena tarehe 15 na 16, nyingi tena tarehe 22 na 23. Sikulala mapema usiku huo, kwa kuwa nilitaka kuhakikisha kwamba sijidanganyi, na nilirudia kupanga kwa visima vyote 9.

Sababu ni nyepesi mtu akishaijua. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kwingine ni kiasi cha saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Ukiwa unapima saa ile ile kila Jumamosi, katika siku 7 kuchelewa huko kunafika karibu saa 6, maana yake wiki moja unakikuta kisima bahari ikiwa imekupwa, na wiki ya pili unakikuta ikiwa imejaa. Baada ya wiki mbili hurudi karibu pale pale, lakini si pale pale hasa: hupungua kiasi cha dakika 39. Tofauti hiyo ndogo ikijumlika kwa wiki 19 hivi, kujaa kunachukua nafasi ya kupwa. Ndiyo maana namba zangu ziligeuka. Mwezi mwandamo haugeuki namna hiyo, kwa sababu tarehe zake zinafuata mwezi ule ule unaoivuta bahari. Katika kisiwa chetu bamvua la mwezi mpya na la mwezi mpevu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa zaidi, hukupwa sana karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na saa za maji mafu, siku za katikati ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, huwa kinyume chake. Wanawake wa mwani wanalijua hilo kwa miguu yao, kwani siku za bamvua ndizo wanazoshuka kufunga na kuvuna asubuhi maji yakiwa yametoka hadi karibu na mwamba.

Naona inafaa kutaja hapa kwamba kalenda ya ukutani inaweza kupishana kwa siku moja na mwezi ulivyoandama, na siku moja katika hesabu hii ni dakika 50 za makosa. Kwa kupanga daftari na kuona umbo la jambo, kalenda ilitosha kabisa. Kwa hesabu za mwisho za tasnifu nilitumia majedwali ya kujaa na kupwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa kubwa zaidi. Kwa kuwa nilipima asubuhi tu, kujaa nilikokuwa nikikutana nako kulikuwa kule kudogo kwa maji mafu. Kujaa kwa bamvua, ambako bahari ya Zanzibar hupanda kiasi cha mita 4 kutoka ilipokupwa, kulikuwa kunatokea mimi nikiwa nimekwishaondoka. Saa yenye chumvi nyingi kuliko zote katika kisima cha nne sikuwahi kuiona hata mara moja kwa miezi mitano.

Niliacha basi utaratibu wa Jumamosi na kuanza kushinda kisimani. Nilichagua visima viwili, cha nne na cha saba, na siku za bamvua nilikaa kwenye kimoja tangu baada ya Sala ya Alfajiri hadi Magharibi, nikipima kila nusu saa, kiasi cha kumaliza mzunguko mzima wa maji. Kwa kupima urefu wa maji nilitumia kamba yenye alama na kipande cha risasi ya mvuvi. Kwa kuteka maji ya chini bila kuyachanganya na ya juu nilitumia chupa nzito yenye kizibo kilichofungwa kamba ya pili: unaiteremsha imefungwa hadi kina unachokitaka, unavuta kamba ya kizibo, unasubiri mapovu yaishe, kisha unaipandisha polepole. Chombo hicho hakigharimu chochote na hakikuniangusha.

Visima viwili vile vilitoa majibu mawili tofauti, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Katika kisima cha nne maji yalipanda baada ya bahari kujaa na chumvi ikapanda pamoja nayo, kwanza chini, halafu juu. Katika kisima cha saba maji nayo yalipanda, ila kwa kuchelewa zaidi na kwa kiasi kidogo, na chumvi haikupanda. Bali kisima hicho kilizidi chumvi bahari ilipokupwa, wakati maji yamebaki machache na watu wengi wanateka. Kama ningevipima vyote kwa pamoja na kutafuta wastani wa kijiji, vingefutana na nisingeona kitu.

Ili kueleza tofauti hiyo ilinibidi nirudi kwenye jiwe lenyewe. Uwanda wa mashariki na kusini ya Unguja umeundwa na mabaki ya matumbawe na makombe yaliyoishi zamani chini ya bahari. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Baadaye barafu nene ilijikusanya kaskazini ya dunia, juu ya Amerika Kaskazini na Ulaya, ikayafungia maji mengi nchi kavu kiasi kwamba, miaka takriban 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mkondo wa Zanzibar, ambao hauna kina kikubwa, ulikauka, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Pemba haikuwa hivyo, kwani mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Katika Pango la Kuumbi, lililo nyuma ya Jambiani hapo hapo, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya punda milia, mnyama ambaye hakuogelea kuja huku.

Katika maelfu hayo ya miaka mvua iliendelea kunyesha juu ya jiwe la chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na kutoka kwenye udongo, yakawa na ukali mdogo unaotosha kulila jiwe, na kwa kuwa bahari ilikuwa chini sana, maji yalishuka nayo na kuchimba mianya na mapango katika vina ambavyo leo viko chini ya usawa wa bahari. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda na kuijaza mianya hiyo. Kisima cha nne kimechimbwa kando ya mwanya mmojawapo, na ufa wake unaonekana ukutani ukishuka na taa. Cha saba kiko katika jiwe lisilo na ufa mkubwa, lenye vitundu vidogo tu.

Maji matamu ya kisiwani huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025, nayo ya maji matamu ni kilo 1. Kwa uwiano huo, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita 40 hivi za maji matamu chini yake, kanuni iliyoelezwa na Ghyben na Herzberg, kila mmoja kwa kazi yake, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Karibu na pwani tabaka hilo huwa jembamba. Bahari ikijaa, katika jiwe lisilo na ufa msukumo wake huliinua tabaka zima, na kisima hupanda kwa maji yale yale matamu. Penye ufa, bahari haisukumi tu, bali inaingia yenyewe. Na maji yakiwa machache, ndoo nyingi zikiteka kwa mfululizo huyavuta ya chini yapande, ndivyo kilivyochumviwa kisima cha saba wakati wa kupwa.

Kujua maji yamesimama juu ya bahari kwa kiasi gani kulihitaji kipimo cha usawa, na sikuwa na fedha za kukodi vyombo vya wapima ardhi. Fundi mwashi mmoja wa kijijini alinisaidia kwa mpira wake wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi huutumia kusawazisha misingi ya nyumba. Tulitoka pwani hadi visimani kwa vituo vya mita 15, tukihakikisha kila mara kwamba hakuna povu ndani ya mpira, kisha tukarudi kwa njia ile ile ili kuona kama hesabu zinafunga. Siku ya kwanza hazikufunga, kwa kuwa jua lilikuwa limeupasha mpira upande mmoja. Tulirudia alfajiri, zikafunga.

Nilipomaliza mwaka, masika na vuli zikiwamo, nilimpelekea sheha karatasi moja yenye safu mbili, moja kwa kila kisima, ikionesha tarehe za mwezi mwandamo na saa zinazofaa kuteka maji ya kunywa. Mama mwenye nyumba aliisoma, akasema safu ya kisima cha nne ni sawa na alivyofundishwa na mama yake. Ya kisima cha saba hakuijua, akaomba nimnakilie. Wiki iliyofuata nilikuta nakala hiyo imebandikwa mlangoni mwa nyumba iliyo karibu na kisima, na mtu ameongeza kwa kalamu, chini ya maandishi yangu, saa za maji mafu ambazo nilikuwa nimezisahau.