Kurudia "That" Katika Taarifa za Kiingereza: Uzoefu Wangu Kama Katibu wa Wafuga Nyuki

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora, na sehemu ya kazi hiyo inayonichukulia muda mwingi zaidi ni kuandika kwa Kiingereza yale yaliyosemwa kwa Kiswahili. Tunakaa kikao, mwenyekiti anaeleza hali ya mizinga, mweka hazina anaeleza fedha, mkaguzi wa asali anaeleza unyevu na usafi wa ndoo, kisha mimi nabaki na daftari lililojaa maneno ya watu wengi, ambayo yanatakiwa kumfikia mnunuzi aliye nje ya nchi katika lugha anayoisoma. Taarifa ya namna hiyo, kwa sehemu kubwa, si maneno ya katibu bali ni maneno ya wengine aliyokabidhiwa ayafikishe. Ndiyo maana karibu kila aya ina kitenzi cha kusema, na nyuma ya kitenzi hicho vinafuata vishazi viwili, vitatu au hata vinne vilivyounganishwa kwa "and".

Kiingereza huanzisha kishazi tegemezi cha usemi wa taarifa kwa neno "that", lakini pia huruhusu neno hilo liachwe. Kishazi kikiwa kimoja, kuliacha hakuleti madhara yoyote: "The chairman said the honey was ready" na "The chairman said that the honey was ready" ni habari ileile. Vishazi vikiwa viwili, mambo hubadilika. Itazame sentensi hii: "The treasurer reported that the buyer had received the honey and the money was in the bank." Je, mweka hazina ametoa habari mbili, au ametoa moja tu, na hiyo ya pili ni ya katibu mwenyewe? Sarufi inakubali yote mawili. Kishazi cha fedha kinaweza kutegemea "reported", na kinaweza pia kusimama chenyewe kama kishazi huru kilichounganishwa na sentensi nzima. Kwa mtu anayetuma fedha kutoka mbali hilo si jambo dogo, kwa sababu katika usomaji wa kwanza anayewajibika kwa habari ya benki ni mweka hazina, na katika usomaji wa pili ni mimi niliyeandika. Ukiweka "and that the money was in the bank", usomaji mmoja tu ndio unaobaki.

Nilianza kulifuatilia jambo hili nilipokuwa nikilinganisha majalada ya taarifa zetu za zamani na barua za mnunuzi. Barua zake zilikuwa na sentensi ndefu ambazo hata hivyo hazikunipoteza njiani, na nilipozichunguza niliona kwamba kila habari ilikuwa na "that" yake: wanaelewa kwamba uvunaji umekamilika, kwamba asali imechujwa, na kwamba sampuli zitatumwa. Nilinakili sentensi kadhaa za aina hiyo, kisha siku niliyokwenda mjini Tabora nikampelekea mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umeniletea nini leo?"

Alizisoma sentensi zangu moja baada ya nyingine huku akiweka alama ya kalamu chini ya kila "that". Nilipomuuliza kama kulirudia neno hilo mara tatu katika sentensi moja hakuifanyi lugha kuwa nzito, alinijibu kwamba swali la uzito linakuja baadaye. "Kwanza jiulize ni nani aliyesema," aliniambia. "Kila unapoandika 'and that', unamwambia msomaji kwamba bado tuko kwa yuleyule msemaji."

Kisha akaniandikia mfano wa mwaka 1776, kutoka katika Tangazo la Uhuru wa Marekani: "We hold these truths to be self-evident, that all men are created equal, that they are endowed by their Creator with certain unalienable Rights, that among these are Life, Liberty and the pursuit of Happiness." Vishazi vyote vitatu vinategemea neno moja, "truths", na kila kimoja ni ukweli mwingine unaotajwa. Ondoa "that" ya pili, uandike "they are endowed", na msomaji hatajua mara moja kama waandishi wanaendelea kuorodhesha kweli wanazozishikilia au wameanza kutoa maelezo yao. Mfano wa pili ulikuwa hotuba ya Abraham Lincoln ya tarehe 19 Novemba 1863 pale Gettysburg, inayomalizika kwa "that this nation, under God, shall have a new birth of freedom" na mara baada ya hapo "and that government of the people, by the people, for the people, shall not perish from the earth". Mwalimu alinionyesha kwamba kati ya "government" na kitenzi chake kuna virai vitatu, kwa hiyo msikilizaji anahitaji kujulishwa mapema kwamba kishazi kipya kimeanza na kwamba bado ni sehemu ya azma ileile. Kutokana na mfano huo nilipata kanuni ninayoitumia kuliko zote: kadiri kishazi cha kwanza kinavyokuwa kirefu, au kishazi cha pili kinavyochelewa kufika kwenye kitenzi chake, ndivyo "that" ya pili inavyokuwa ya lazima.

Hatua iliyonisaidia zaidi, hata hivyo, ilikuwa kuanza kazi hii kabla ya kufika kwenye Kiingereza. Wanahabari wetu wameizoea sana njia ya "alisema kwamba" ikifuatwa na "na kwamba" au "na kuwa", nami niliamua kuitumia daftarini wakati kikao kinaendelea. Nikiandika "mkaguzi amesema kwamba ndoo zote zimepimwa na kwamba mbili zimekataliwa", umiliki wa habari ya pili unakuwa umekwisha kuamuliwa siku ileile, mbele ya msemaji mwenyewe. Siachi uamuzi huo usubiri wiki mbili, nitakapokuwa nyumbani na kumbukumbu imefifia.

Mabadiliko ya njeo nayo yanahitaji uangalifu. Kanuni za kimataifa za ubora wa vyakula zinazojulikana kama Codex zinataka asali ya kawaida isizidi unyevu wa asilimia 20, na mnunuzi wetu huitazama habari hiyo kabla ya nyingine zote. Sentensi kama "The inspector said that the honey had been tested and its moisture is below 20 percent" inamfanya msomaji asite, kwa kuwa "had been" ni ya usemi wa taarifa na "is" inaonekana kuwa ya mwandishi. Ikiwa ni maneno ya mkaguzi, naandika "and that its moisture was below 20 percent". Ikiwa ni habari ambayo kikundi kizima kinaithibitisha kwa karatasi za vipimo, naweka nukta baada ya "tested" na kuanza sentensi nyingine. Wapo wanaotegemea mkato kabla ya "and" kuonyesha tofauti hiyo, lakini waandishi hutofautiana mno katika matumizi ya mkato, na mimi sioni busara ya kukabidhi jukumu la fedha au la ubora kwa alama ndogo kiasi hicho.

Si kila mahali neno hili hurudiwa. Vitenzi viwili vikiwa na kiima kimoja, sentensi huwa nyepesi na sahihi bila "that" ya pili: "The members agreed that they would buy a new scale and keep it in the store." Ukitaka kuirudia hapo ni sharti urudishe na kiima, "and that they would keep it", jambo ambalo nalifanya tu pale ambapo kununua mzani na kuuweka ghalani ni maazimio mawili yaliyopigiwa kura mbalimbali. Katika magazeti ya Kiingereza utakuta pia "that" ya kwanza imeachwa na ya pili imewekwa, kama "He said the road was open and that the lorry had left". Msomaji hapotei, na katika barua za kawaida naikubali. Katika taarifa yenye saini za viongozi napendelea zote mbili ziwepo.

Maazimio ndiyo yaliyonionyesha nguvu nyingine ya neno hili. Baada ya vitenzi kama "recommend" na "request", Kiingereza rasmi, hasa cha Marekani, hutumia kitenzi kisichobadilika: "The committee recommended that the treasurer open a second account and that the chairman sign every withdrawal." Ondoa "that" ya pili, na "the chairman sign" inaonekana kama kosa la sarufi. Mtu akija kulisahihisha na kuandika "signs", pendekezo litageuka kuwa habari kwamba mwenyekiti tayari anasaini. Kwa kikundi kinachoshughulika na fedha za wanachama, hiyo ni tofauti kati ya ushauri na utekelezaji.

Ukanushi nao nilikaa nao muda mrefu. "The inspector did not say that the honey was wet and that the buckets were dirty" inaweza kumaanisha kwamba hakuyasema yote mawili kwa pamoja, labda alisema moja. Ninapotaka kukanusha yote, naandika "or that the buckets were dirty". Na ninapotaka kukanusha sababu moja na kuweka nyingine mahali pake, natumia jozi ambayo naipenda kwa uwazi wake: "The difficulty is not that the bees have left but that the forest is being cleared." Sentensi hiyo niliiandika kwa moyo wote, kwa sababu misitu ya miombo ikiisha hakuna mzinga utakaotufaa, wa gome wala wa kisasa.

Kuna mahali ambapo kurudia "that" hakutoshi kabisa, na ni vizuri mwandishi alijue hilo mapema. Usemi ukiwa ndani ya usemi mwingine, kama "The chairman said that the forest officer believed that the fire had started at night and that no one had been arrested", kishazi cha mwisho kinaweza kuwa cha mwenyekiti au cha afisa misitu, na "that" haiwezi kuamua. Hapo nakata sentensi, au nampa mwenyekiti kitenzi kingine, "and added that". Vivyo hivyo, sichanganyi nomino na kishazi chini ya kitenzi kimoja. Badala ya kuandika "reported the loss of hives and that the fire", vyote viwili navifanya vishazi: "that hives had been lost and that the fire had spread".

Siku hizi taarifa haisainiwi kabla sijaisoma kwa kamati nikiirudisha katika Kiswahili, na kila "that" naitamka "kwamba" ili kila mmoja asikie alichopewa. Katika usomaji wa karibuni mweka hazina alinisimamisha. "Hapo, Katibu, kwamba ndoo zimepakiwa nimeona kwa macho yangu. Kwamba zimefika Tabora salama nimeambiwa na dereva." Nikamuuliza, "Basi niandike kwamba umeambiwa, mama?" Akasema niandike hivyo hasa. Sentensi ikawa "The treasurer reported that the honey had been loaded and that, according to the driver, it had reached Tabora safely", nikamsomea tena, naye akasaini.