Shomoro wa Tsuwano

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

"Msiogope basi, bora ninyi kuliko mashomoro wengi." (Mathayo 10:31)

Juma hili naomba tupande mlima pamoja, mbali na kwetu. Tsuwano ni mji mdogo uliojibana bondeni, katikati ya milima ya Shimane, magharibi mwa Japani. Ukishuka treni na kutembea kidogo unafika mtaa wa Tonomachi: kuta nyeupe za zama za masamurai, na kando ya barabara mifereji imejaa koi, samaki wakubwa wekundu, weupe na weusi. Wamenenepa hao! Kila mgeni anawatupia chakula, nao hata haraka ya kukifuata hawana. Wengi hupiga picha hapo, wakala, wakarudi zao.

Lakini kutoka stesheni, mwendo wa kama robo saa, kuna njia nyembamba inayopanda msituni hadi Otome Toge, penye kikanisa cha Bikira Maria kilichojengwa mwaka 1951. Mbele yake hapakuwahi kuwa na samaki wanono.

Mwaka 1865 wakulima wa Urakami, Nagasaki, walimwendea padre Mfaransa katika kanisa la Oura, wakamnong'oneza kwamba moyo wao na wake ni mmoja. Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku Japani, na wazee wao walikuwa wameificha imani zaidi ya miaka 200, bila padre hata mmoja. Serikali ilipowagundua, iliwahamisha zaidi ya 3,000 na kuwatawanya nchini. Tsuwano ilipokea 153 kuanzia mwaka 1868, wakafungiwa kwenye hekalu tupu hapo Otome.

Wakuu wa Tsuwano hawakuanza na fimbo. Walianza na maneno laini na chakula cha kutosha. Iliposhindikana, chakula kikapunguzwa, na wengine wakatumbukizwa kwenye bwawa lenye barafu. Mmoja wa wafungwa, Yasutaro, aliwekwa ndani ya kizimba chenye kama sentimita 90 kila upande, asiweze kusimama wala kunyoosha miguu, akafia humo. Mtoto wa miaka 5, mwenye njaa, alionyeshwa peremende ili akane. Akakataa, vya mbinguni, alisema, ni vitamu zaidi. Mimi, nikiwa mkweli, naogopa zaidi ile peremende kuliko barafu. Barafu unajua ni adui.

Wakubwa walipogoma kulegea, watesaji wakageukia watoto. Yujiro alikuwa na miaka 14. Walimvua nguo kwenye baridi, wakamfunga, wakamchapa, wakammwagia maji, siku baada ya siku. Aliporudishwa mikononi mwa dada yake, Matsu, akiwa anakata roho, jambo la kwanza alimwomba msamaha kwa kuwa alipiga kelele. Naipenda sana habari hii kwa sababu haifichi udhaifu wake. Kisha akamsimulia: alipoona hawezi tena, aliinua macho, akamwona shomoro juu ya paa akimlisha kinda wake mdomoni. Akawaza, ikiwa ndege anamtunza mwanawe hivyo, Mungu anayemtazama atamtunza zaidi. Akapata nguvu.

Hakuona malaika. Kamba hazikukatika. Aliona ndege ambaye hakuna anayemtazama mara mbili, akifanya kazi yake ya kila siku. Alifariki mwaka 1871. Wote waliofia Tsuwano ni 37.

Mwaka 1873 marufuku iliondolewa, na waliosalia wakarudi Urakami. Siku hizi, kila tarehe 3 Mei, waamini hukusanyika kwenye kanisa la Tonomachi, lile lenye mikeka ya tatami badala ya mabenchi, wakaandamana kupanda hadi Otome. Wanaanzia palepale penye mifereji ya samaki.

Jumuiya ikikutana wiki hii, tusome Mathayo 10:26-33, polepole. Msomaji awe mmoja wa watoto.