Kumi la mwisho, sukari na mapazia

Ukiona Mchangani, mtaa wetu wa maduka, hapapitiki, kila mwanamke kabeba fuko la mapazia kwapani na mtoto anaburutwa kwenda kupimwa viatu, jua kumi la mwisho la Ramadhani limeingia. Ndani ya siku hizo kumi sie wa mjini Unguja tunataka kila kitu kifanyike: tufunge, tusali tarawehe, tuamke daku, tufue mazulia, tuwashonee watoto nguo na tupike vya sikukuu. Kazini nako ripoti inatakiwa kama kawaida, ati.

Mwaka huu nimejiongezea na jengine. Nimetia nia ya kupunguza sukari nyumbani kwetu, na kila ninayemwambia ananishauri ningoje sikukuu ipite. Mie naona sikukuu ndiyo wakati wake hasa. Siku nyengine kila mtu anajichotea mwenyewe kwenye kopo, lakini kumi la mwisho sukari yote ya nyumba hii inapita mikononi mwangu, tena kwa mizani.

Sababu yenyewe ni Mama. Mama ana sukari, anameza vidonge, na daktari kamwambia asifunge. Fidia anaitoa, sahani ya futari inatoka kila jioni kwenda kwa bibi mmoja asiyejiweza, lakini roho bado inamuuma. Sasa kwa kuwa hafungi, yeye na mwanangu wa miaka minne ndio peke yao wanaoweza kuonja ninachopika mchana. Yaani muonjaji mkuu wa vileja, biskuti zetu za unga wa mchele, ni mgonjwa wa sukari. Na anaifanya kazi hiyo kwa bidii.

Kabla sijamnyang'anya mtu kitu nikapiga hesabu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari tunayoongeza, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Kijiko cha chai kilicholingana kinachukua gramu nne hivi. Mama alikuwa anatia vijiko vitatu kwenye kikombe, na vikombe ni vitatu: asubuhi, alasiri, na baada ya Isha. Gramu 36 zimeshaingia na hata jagi la ukwaju halijaguswa.

Tuje kwenye kileja. Nusu kilo ya unga wa mchele huenda na robo kilo ya sukari, na vileja hutoka kama hamsini. Kila kimoja kina gramu tano. Kikombe kimoja cha chai ya Mama kilikuwa na sukari ya vileja viwili na zaidi, na kileja tunakiona Mfunguo Mosi na Mfunguo Tatu, miezi ya Idi mbili, chai tunaiona mwaka mzima. Sasa mtu ananiambia nifute vileja sikukuu halafu chai iachwe ilivyo?

Nikaanza na chai. Tumeshuka nusu kijiko nusu kijiko mpaka tumefika kimoja, na pale utamu ulipotoka nimejaza iliki, tangawizi na kipande cha mdalasini. Mama anasema namnywesha dawa ya kikohozi. Anainywa lakini.

Kwenye mapishi ya sikukuu najiuliza swali moja kila ninapochukua mizani: hii sukari hapa ina kazi gani? Mkate wa mayai, kwa mfano. Mayai sita, kikombe cha sukari, kikombe cha unga, iliki, basi. Hamira haimo, siagi haimo. Kinachouinua ni povu la mayai, na sukari ndiyo inayolishika povu lisianguke. Unapiga mayai na sukari mpaka yanakuwa meupe, mazito, ukinyanyua mchapo yanateremka kwa utaratibu na mchirizi wake unabaki juu kidogo kabla ya kuzama. Hapo ndipo unga unapochekechewa ndani, na unaugeuza kwa mwiko polepole, toka chini kuja juu, usilivunje povu. Ukipunguza sukari kupita kiasi povu linakuwa jepesi na linakatika haraka, na unachotoa motoni ni kitu bapa kinachonuka mayai. Kwa hiyo mkate wa mayai sukari yake siigusi. Nimepunguza kipande: naukata mshazari, vidogo, hata mgeni akichukua viwili hajaharibu kitu.

Tambi ni habari nyengine. Kwenye tambi sukari haishiki chochote, ni utamu tu. Tambi unazikaanga kwa samli mpaka zigeuke rangi, unatia tui, unatia sukari, iliki na zabibu, unafunika zikauke taratibu. Hapa nimeikata sukari nusu kwa nusu, nimeongeza tui zito na lozi za kukatakata. Nilizijaribu wiki iliyopita kwenye futari, na mume wangu alirudia sahani bila kuuliza swali.

Vileja vimekaa katikati. Sukari ndiyo inayofanya kileja kiwe kikavu kwa nje na kimung'unyike kinywani. Unga wenyewe natengeneza: mchele naurowesha, nauanika juu ya kitambaa mpaka unyevu utoke, ndio naupeleka mashineni. Samli na sukari ya kusaga navipiga kwanza mpaka vilainike, kisha kiini cha yai, iliki na unga kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Juu kitone cha zafarani. Nilipunguza sukari mpaka gramu 150 kwa nusu kilo ya unga, nikampa Mama. Akatafuna, akanyamaza, akachukua maji. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, sukari imepanda bei?" Nimetulia kwenye gramu 200. Kijiko kimoja cha chai kwa kileja kimoja, hesabu hata yeye anaikumbuka.

Lini upike nini nayo ni elimu peke yake, kwa sababu sikukuu yetu hujui ni kesho au kesho kutwa. Ramadhani ni siku 29 au 30, na hakuna mwenye uhakika mpaka mwezi uandame na itangazwe usiku. Basi vikavu hutangulia. Vileja na visheti vinakaa kwenye makopo yenye mfuniko wa kukaza bila tabu, unaweza kuvipika hata mwezi ishirini na mbili, yaani siku ya ishirini na mbili ya Ramadhani. Mkate wa mchele haungoji mtu. Mchele ukishasagwa na tui na hamira, ukiumuka umeumuka. Ukijifanya hodari ukausaga mwezi 29 jioni halafu mwezi usionekane, kesho yake mnafuturu mkate wa sikukuu na kazi inaanza upya. Mie mchele naurowesha asubuhi ya mwezi 29, nauweka kwenye friji, na mkono wangu hauendi kwenye blenda mpaka nisikie tangazo. Likitoka, jumba zima linavuma blenda.

Nimesema jumba. Tunakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na kwetu ni juu. Oveni ipo, ya gesi, nayo nzuri kwa vileja. Lakini mkate wa mchele naupikia makaa kwenye baraza ya nyuma. Chini moto mdogo, unamimina, unangoja vitundu vitokeze juu, ndio unafunika kwa mfuniko wa bati na kupalia makaa ya kutosha juu yake. Rangi ile ya juu, ya dhahabu na madoa ya hudhurungi, oveni yangu hainipi. Tabu ni jirani wa juu yetu, ambaye naye siku hiyohiyo kaanika mapazia mapya. Ananigongea nondo za baraza kwa mwiko. Namwambia shoga, subiri, nakuletea robo.

Na mapazia ndiyo kazi ya pili ya kumi la mwisho. Kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladi, sikukuu haina hali ya hewa yake. Kuna miaka inaangukia mvua za masika, zulia linafuliwa na halikauki. Mwaka huu imeangukia mwishoni mwa kaskazi, joto la kukosa usingizi. Hata hivyo Mchangani wananing'iniza mahameli mazito yenye shada za dhahabu, utadhani tunakaa barafuni, na watu wananunua. Mie nimechukua kitambaa chepesi cha pamba, rangi ya maziwa, mita za madirisha mawili ya ukumbini tu. Chumba chetu ni kidogo na dari iko chini. Pazia zito linakula mwanga na linazuia ule upepo kidogo unaopita kati ya majumba.

Foronya za mito nimeshona kwa kanga za zamani za Mama, zilizolainika kwa kufuliwa. Unaikata ili mji wake ukae mbele ya mto na pindo lizunguke pembeni. Kanga nzima alinikatalia, akazificha. Nimepewa zile tu zilizochanika kwenye pembe. Mkeka wa ukindu wa Pemba, wenye mistari ya zambarau na kijani, umetoka chini ya kitanda, umefutwa na kitambaa chenye maji ya ndimu na kuanikwa kivulini, maana jua kali linakula rangi. Mwanangu kaona dukani maputo ya herufi za dhahabu ya kutundika ukutani. Mie sizipendi, zinaupa ukumbi sura ya duka la simu. Tumekubaliana yatundikwe mlangoni kwa chumba chake, ndani.

Kitu kimoja kwenye kupamba nimekifanya kwa ajili ya sukari. Miaka yote sinia la vitu vitamu tunaliweka katikati ya ukumbi tangu watu wanarudi kusali Idi mpaka usiku, na kila anayepita anachukua. Sio njaa, ni mkono tu umepata njia. Sikukuu hii katikati ya mkeka inakaa sahani ya tende, papai lililokatwa, na birika la kahawa chungu na vikombe vyake. Vileja, visheti na mkate wa mayai vinahamia juu ya kabati la vyombo, chini ya kawa lile kubwa la ukindu jekundu. Kawa ni zuri, linapamba ukuta ule kuliko saa iliyokuwepo, na anayetaka kileja lazima ainuke, avuke ukumbi, afunue mbele ya watu. Nimeshaona mashemeji zangu wakikaa kwenye mkeka. Hawainuki kirahisi.

Cha mchana sina makuu: pilau ya nyama, kachumbari nyingi kuliko kawaida, ndizi. Nesi wa kliniki alimwambia Mama aanze na kachumbari na nyama, wali ufuate, na kitamu kije baada ya kushiba, kisiwe cha kufungulia tumbo. Hilo kalishika. Soda nimezifuta kabisa, na hapo sikuomba ushauri wa mtu. Kola ya kopo la mililita 330 ina gramu kama 35 za sukari. Kwa gramu hizo mie nakupa vileja vinane na bado unanidai.

Harufu ya nyumba inakuja mwisho, usiku wa kuamkia sikukuu. Sakafu imekauka, mapazia yametundikwa, madirisha nayafunga, chetezo inazunguka na udi kila chumba, mpaka kwenye kabati la nguo za watoto. Asumini na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, tunavifuata sokoni Darajani usiku uleule, kwa msongamano wake, vinatandazwa juu ya mito. Mama anataka kikuba chake mwenyewe, cha mrihani ndani, na huwezi kumletea kilichosinyaa.

Kinachonishinda mpaka sasa ni sahani za watu. Sikukuu mosi mpaka sikukuu nne watoto wanapanda na kushuka ngazi na sahani zilizofunikwa, zetu zinakwenda, zao zinakuja, na sahani ya mwenzio huirudishi tupu. Vileja vyangu nimevipima. Vya jirani kavipima nani? Kaimati zinakuja zinaogelea kwenye shira. Nyingi tutawagawia watoto wanaokuja kuomba sikukuu zao kabla hawajateremka kwenda kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, mkono huu pesa, mkono huu kaimati, nao hawana hiyana. Lakini kila mwaka kuna mtu anatuletea halua, imefungwa vizuri kwenye kikapu chake, ina lozi juu, na halua hiyo Mama haruhusu igaiwe. Naificha juu ya kabati la chumbani, nyuma ya masanduku. Anajua iko wapi, na kigoda anacho.