Nilikopa kwa bima yangu, bonasi ikawaje?

Mwaka jana nilikopa shilingi 60,000 kwa dhamana ya bima yangu ya maisha, nikanunua mashine ya overloki ya kibanda changu pale Kibuye, Kisumu. Nikahofia bonasi, ile faida ambayo kampuni huongeza kwenye bima, itakatwa. Ajenti akacheka: "Mama, kampuni imekukopesha pesa zake. Bima yako ni rehani tu." Kweli, bonasi yangu bado inahesabiwa kwa kiasi kizima cha bima. (Huko Marekani, kampuni nyingine hubadilisha gawio, yaani bonasi ya kwao, kwa sehemu iliyokopewa, nyingine haziligusi.)

Kinachoninyima usingizi ni riba. Nisipoilipa inapanda juu ya deni, na deni likifikia pesa ambazo ningepewa nikiivunja bima, basi bima imekwisha. Nikitangulia mimi, wanangu watakatwa deni kwanza. Overloki yenyewe, lakini, inashona balaa!