Kaunta Buku ya Kwaya Mbili

Nimeingia nyumbani Mbagala saa nne kasoro usiku, baada ya kuwafikisha watoto kwa mama yao Morogoro na kugeuza na treni ya jioni. Sahani zao mbili bado ziko kwenye sinki kama walivyoziacha mchana, na moja ina ganda la ndizi ambalo mdogo hukataa katakata kulitupa mwenyewe. Sijaziosha. Nimekaa kuandika kwa sababu leo imetimia miezi 20 tangu mimi na mzazi mwenzangu tutie saini makubaliano ya malezi, na wiki hii jamaa wawili tofauti, ambao ndoa zao ziko ukingoni, wameniuliza tuliwezaje.

Mara ya kwanza hatukuweza. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kwenda moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Kwa kawaida ni lazima shauri lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha wanandoa ndipo linapotoa hati ya kuthibitisha hivyo, hati ambayo isipotumika ndani ya miezi 6 haifai tena. Sisi tuliketi mbele ya wazee watano katika ofisi ya kata, kwenye benchi fupi kiasi kwamba viwiko vyetu viligusana, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa miezi kadhaa. Wazee walikuwa watu wema. Walitaka kujua nani alianza kukosa, nani aliombwa msamaha akakataa, na kila kikao kiliishia kwenye swali lilelile: hamuwezi kurudiana? Tulipojibu hapana kwa mara ya tatu tuliandikiwa hati, tukatoka nje, kila mmoja akashika njia yake. Katika vikao vyote vitatu hakuna aliyeuliza ni nani angemnunulia mkubwa viatu vya shule itakapofika Januari.

Siwalaumu, maana kazi waliyopewa ni kuokoa ndoa, na yetu haikuwa na cha kuokolewa. Ila nimekuja kuamini kwamba wengi hutoka pale wakidhani usuluhishi umeshindikana, kumbe kilichoshindikana ni usuluhishi wa ndoa tu, na ule wa malezi haujaanza.

Miezi iliyofuata tulipigana kwa vifungu vya sheria tulivyovisoma nusunusu kwenye simu. Nilikuwa nimegundua kwamba sheria huanza na dhana, inayoweza kupingwa, kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, na kwamba watoto wakiwa zaidi ya mmoja mahakama hailazimiki kuwaweka wote kwa mzazi mmoja. Mdogo alikuwa na miaka 4, mkubwa 8. Basi usiku mmoja nikamwandikia mama yao: "Mdogo baki naye, mkubwa ni wangu." Nilijiona mjanja sana. Akanijibu kwa maneno mawili ambayo kila mwanamume wa mjini anayajua: "Nitakupeleka Ustawi." Na kweli akanipeleka, nami nikaenda na jazba zangu zote, kwa kuwa mitaani Ustawi wa Jamii hujulikana kama mahali ambapo wanaume huitwa kubanwa juu ya matunzo.

Afisa aliyetupokea, mama wa makamo ambaye sote wawili tulimwamkia shikamoo, hakutaka habari za kuachana kwetu. Alichana karatasi mbili kutoka kwenye daftari, akatutaka kila mmoja aandike, bila kusemezana, siku ya Jumanne ya mtoto wetu mkubwa tangu anapoamka hadi anapolala. Niliandika kwamba anaamka, anakwenda shule, anarudi, anakula, analala. Kisha nikaanza kutazama feni. Kalamu ya mwenzangu ilikuwa bado inakwenda, akageuza karatasi upande wa pili, na aliposoma nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanangu huvuta pampu yake ya pumu kabla ya kutoka kwa sababu vumbi la alfajiri humbana kifua, na kwamba Jumanne ndiyo siku anayorudi na njaa kuliko siku zote. Afisa akaniuliza anavaa kiatu namba ngapi. Nikasema 30. "Thelathini na mbili, baba watoto," mwenzangu akasema, na hakusema kwa kebehi. Angesema kwa kebehi ningejua la kumjibu.

Naye zamu yake ilifika. Alipoulizwa mtoto huyo akiota ndoto mbaya humweleza nani, alinyamaza, kisha akageuka kunitazama, kwa maana ni mimi niliyekuwa nikipigiwa kwa simu ya bibi yake.

Tulirudi mara nne. Mambo niliyodhani yangetushinda yalikwisha upesi: watoto wote wawili wangekaa Morogoro pamoja, wangekuja kwangu wikendi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo ya Juni, na matunzo yangetumwa kwa simu kila tarehe 28, lakini ada ingekwenda moja kwa moja shuleni. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ilitupunguzia ubishi mwingi, kwa kuwa safari ya chini ya saa mbili haina visingizio vya foleni. Kilichotuchukua muda ni vidogo. Pampu ya pumu ziwe mbili, moja kila nyumba, ili uhai wa mtoto usitegemee begi. Mtoto asitumwe ujumbe. "Mwambie baba yako" ikafutwa katika nyumba zote mbili. Badala yake ikanunuliwa kaunta buku ya kwaya mbili, isafiri ndani ya begi la mkubwa, na kila mmoja aandike humo ya watoto na ya watoto tu. Afisa alituhimiza tuyapeleke makubaliano mahakamani yapate nguvu, huku akitutahadharisha kwamba hata hivyo mahakama inaweza kuyabadilisha pale maslahi ya mtoto yanapodai hivyo.

Hapa sina budi kusema kwamba dada yangu alipitia njia hiihii na ikamwumiza. Alikuwa anapigwa, na mbele ya wasuluhishi aliambiwa avumilie, huku aliyempiga akiwa ameketi hatua mbili kutoka alipokuwa yeye. Mtu anayeogopa hawezi kusuluhishwa, anaweza tu kunyamazishwa. Sheria yenyewe imeacha mlango kwa mazingira ya kipekee ambamo baraza linaweza kurukwa, na natamani angekuwepo mtu wa kumwonyesha mapema.

Nasi hatukuwa malaika. Mwezi wa saba niliwapeleka watoto Tanga katika wikendi isiyo yangu, bila kuaga, na niliporudi nilikuta simu 14 zisizopokelewa. Zamani angewaita wajomba. Safari hii aliandika kwenye kaunta buku mstari mmoja, "Tukaonane na mama Ustawi", na tukaenda, nikaomba radhi, tukaongeza kipengele cha taarifa ya siku tatu.

Bado kuna moja halijaisha, nalo ni Krismasi. Kwetu hukusanyika ukoo mzima, kwao vilevile, na tumeshaandikiana kurasa tatu bila kufika popote; mwezi ujao tutarudi kwa afisa na kurasa hizo mkononi.

Leo stesheni, kabla sijaondoka, mama yao alinirudishia kaunta buku ili niisome kwenye treni. Niliifungua nikijiandaa kwa ukurasa wa nne wa Krismasi. Alikuwa ameandika kwa haraka, pengine amesimama: "Viatu vya mkubwa vinambana. Sasa ni 35. Vya kamba, havitaki vya kubandika." Kesho nikitoka kazini nitapitia Kariakoo.